Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: siku 30 zinaisha mzazi bado yuko ndani ya arobaini

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi,
Ndugu Kamishna wa Kazi,
Ndugu Mkurugenzi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi,

Nawasalimu kwa heshima, kisha niingie moja kwa moja kwenye lililonileta: siku 30 anazopewa mwanamke aliyeachishwa kazi kwa ajili ya mimba ili afungue mgogoro kwenye Tume.

Kwa miaka 11 nimefanya kazi katika ofisi za utumishi za kampuni binafsi hapa Dar es Salaam. Nilianza kama karani wa masijala, kazi ya kupanga mafaili na kupiga mihuri, nikapanda hadi kuwa afisa. Katika miaka hiyo nimeandika kwa mkono wangu barua nne za kuwaachisha kazi wanawake ambao shida yao na mwajiri ilianza siku waliposema wana mimba. Kati ya barua hizo nne hakuna hata moja iliyotaja neno mimba. Moja ilisema utendaji hafifu. Moja ilisema kukosa uaminifu kwenye fedha. Mbili zilisema nafasi imefutwa kwa sababu za kibiashara. Ya tano nilikataa kuiandika, na baada ya hapo nami sikukaa sana.

Nawaandikia hadharani kwa sababu nadhani hamjawahi kusikia habari hii kutoka kwa mtu aliyekaa upande huu wa meza. Wanaokuja kwenu ni wanawake wachache wanaofika, na mawakili wa waajiri. Mimi ni yule aliyetoa nakala.

Nitawaeleza kisa kimoja kwa urefu. Huyu nitamwita dada wa kaunta, maana jina lake ni lake na hajanipa ruhusa ya kulitumia. Alikuwa mpokea fedha kwenye duka kubwa la jumla, ana miaka minne kazini, na faili lake lilikuwa jembamba kuliko mengi kwenye kabati langu: barua ya ajira, mkataba, fomu ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, picha mbili ndogo, maombi ya likizo, na barua moja ya pongezi baada ya hesabu ya mwisho wa mwaka. Hapakuwa na onyo, hata la mdomo.

Jumatatu moja ya mwezi Machi alikuja na bahasha. Ndani kulikuwa na barua yake ya kuomba likizo ya uzazi na cheti cha daktari. Alikuwa ameifuata sheria bila kukosea: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mfanyakazi amtaarifu mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, na aambatanishe cheti. Nilimgongea muhuri wa kupokelewa, nikampa nakala yake. Alikuwa anatabasamu. Alinionyesha kwenye simu picha ya kitanda kidogo cha mtoto alichokiona Keko kwa mafundi, akaniuliza kama bei aliyotajiwa si kubwa.

Siku 12 baadaye nililetewa kipande cha karatasi niandike onyo la kwanza. Alichelewa dakika tisa, asubuhi aliyotokea kliniki. Wiki tatu mbele likaja onyo la pili, droo yake ilipungua shilingi 3,500. Kila mpokea fedha wa duka lile droo yake huwahi kupungua, na huwa wanalipa jioni mambo yanaisha. Yeye alilipa jioni ile ile, na onyo likaandikwa. Katikati ya Mei akaitwa kwenye kikao cha nidhamu. Alikaa ukingoni mwa kiti kwa sababu tumbo lilikuwa kubwa na kiti kilikuwa kile cha plastiki chenye mikono. Barua aliyokabidhiwa ilikuwa ya Kiingereza. Niliiandika mimi, na najua kwamba aliyesainishwa hakuelewa hata nusu yake. Alisaini alipoonyeshwa.

Kabla ya kikao, meneja alikuwa ameshaniambia sababu yenyewe. Alisema, "Tukimwacha aende likizo tutalipa watu wawili kwa kazi ya mtu mmoja." Ndivyo alivyosema, na hakupunguza sauti.

Siku 11 baada ya barua ile, dada yule alijifungua kwa operesheni.

Naomba tuhesabu pamoja, Mheshimiwa, kwa sababu barua yangu yote imesimama kwenye hesabu hii. Anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali anatakiwa kufungua mgogoro Tume ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Malalamiko mengine ya kikazi yamepewa siku 60. Dada wa kaunta alipofikisha siku ya 30, mtoto wake alikuwa na siku 19. Mshono ulikuwa bado unavuta anapokohoa. Alikuwa kwa mama yake Mbagala, anakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, anakunywa uji wa pilipili manga, na usiku halali kwa sababu maziwa yamejaa na mtoto hajajua kunyonya vizuri. Kila mtu mwenye dada au mke anaijua hali hiyo. Sisi watu wa Pwani tuna jina lake, ni arobaini, na mzazi hatolewi nje hovyo mpaka iishe. Siku 30 zenu zinaisha mzazi bado yuko ndani.

Sheria yenyewe inakubaliana na bibi zetu. Inasema mfanyakazi asifanye kazi ndani ya wiki sita baada ya kujifungua, isipokuwa daktari athibitishe kuwa anaweza. Wiki sita ni siku 42. Basi yule yule ambaye sheria inamwona hawezi kukaa kwenye kiti cha kaunta, Kanuni za Tume zinamtaka apande daladala, atafute ofisi ya Tume, ajaze fomu, aambatanishe vielelezo, na ampelekee nakala mwajiri aliyemfukuza. Asipofanya hivyo, muda umempita.

Najua kuna maombi ya kuongezewa muda, na aliyechelewa kwa sababu ya msingi anaweza kusikilizwa. Lakini maombi hayo ni shauri jingine kabla ya shauri. Yanataka kiapo, yanataka maelezo ya kila siku iliyochelewa, na mwajiri ana haki ya kuyapinga. Mwajiri mwenye wakili huyapinga, kwa sababu ndiyo njia rahisi ya kulimaliza jambo bila mtu yeyote kuuliza lile onyo la dakika tisa lilitoka wapi. Kwenye shauri lenyewe mzigo wa kuthibitisha kuwa sababu ya kuachisha ilikuwa halali ni wa mwajiri. Kwenye maombi ya muda, mzigo wote umo mgongoni mwa mwanamke mwenye kichanga.

Dada wa kaunta alikuja ofisini kwetu baada ya arobaini, mtoto kifuani, kuomba nakala ya barua yake kwa sababu ya kwanza ilipotea alipokuwa hospitali. Mtu wa mtaani kwao, anayejua mambo ya sheria kidogo, alikuwa amemwambia kwamba siku zimepita na lazima aanze kwa kuomba muda. Nilimpa nakala. Aliniuliza, "Sasa dada, nikiombea huo muda, nani atanishikia mtoto?" Sikuwa na jibu. Hakuendelea.

Nasema wazi kwamba ninyi hamna kosa katika kisa kile. Kilitokea kwenye duka ambalo sitalitaja, mbele ya macho yangu, na kalamu ilikuwa yangu. Nawaletea kwa sababu kilichomwangusha mwishoni ni tarakimu, na tarakimu iko mikononi mwenu. Siku 30 haziko kwenye Sheria iliyopitishwa na Bunge. Ziko kwenye Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi, Tangazo la Serikali Na. 64 la mwaka 2007. Kuzirekebisha hakuhitaji kusubiri muswada usomwe mara ya kwanza na ya pili Dodoma. Kunahitaji ninyi watatu mkae, muandike aya moja: kwamba kwa mfanyakazi aliyeachishwa akiwa mjamzito au akiwa kwenye likizo ya uzazi, siku 30 zianze kuhesabiwa pale ambapo likizo yake ingeisha. Yaani baada ya siku 84, au 100 kwa aliyejifungua mtoto zaidi ya mmoja. Sijaomba siku mpya yoyote. Naomba saa ianze kugonga mtu akiwa amesimama.

Na msiniambie sheria hizi hazibadiliki. Mwaka 2025 zilirekebishwa ili mama aliyejifungua mtoto njiti aongezewe muda wa kufikia wiki 40 ambazo mtoto angekaa tumboni. Wazazi wa njiti walilia miaka mingi wakiwa kwenye wodi, wakimaliza likizo mtoto bado yuko kifuani kwa mama anapashwa joto. Mlisikia. Nilisoma habari ile nikiwa kwenye mwendokasi, kituo changu kikanipita.

Kuna jambo lingine ambalo huenda halijulikani kwenu kwa sababu linaonekana tu kwenye mafaili, na mafaili yako kwetu. Niliweka daftari. Kwa kila mmoja wa wale wanne niliandika tarehe aliyoleta cheti cha daktari na tarehe ya onyo au barua ya kwanza iliyofuata. Siku 12. Siku 17. Siku 23. Siku 35. Kabla ya cheti, mafaili yote manne yalikuwa masafi. Mtu yeyote anayejua kusoma faili angeona kilichotokea, bila ushahidi wa mdomo wala wa mtu aliyesikia meneja akisema. Tarehe mbili zinatosha kumfanya mkaguzi aulize swali.

Ndiyo maana ombi langu la pili ni kwa Kamishna. Maafisa Kazi wana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, kukagua kumbukumbu na kutoa amri ya utekelezaji. Nimewahi kuwapokea. Waliuliza mikataba, wakauliza michango ya NSSF, wakauliza rejista ya mahudhurio, wakauliza fidia kwa wanaoumia kazini. Waliuliza vizuri na waliheshimika. Hakuna siku niliyoulizwa, "Tuonyeshe wanawake wote walioleta vyeti vya ujauzito miaka mitatu iliyopita, na wako wapi leo." Ningeulizwa hivyo ningetetemeka, kwa sababu jibu lingekuwa kwenye droo ya pili kushoto, na ningelazimika kulitoa.

Naomba swali hilo liingizwe kwenye fomu ya ukaguzi. Naomba pia kila mwajiri anayetaka kumwachisha mwanamke kuanzia siku alipopokea cheti hadi miezi sita baada ya kurudi kazini, ampelekee Afisa Kazi taarifa na nakala ya faili kabla barua haijatoka. Mwajiri mwenye sababu ya kweli hatapoteza kitu, maana wapo wafanyakazi wajawazito wanaoiba, na mimi nimewaona pia. Ataonyesha sababu yake, basi. Lakini yule anayetafuta sababu atajua kwamba kuna jicho jingine litakalosoma zile tarehe mbili, na nawaambia kwa uzoefu kwamba wengi wao wataishia hapo hapo. Meneja yule hakuwa mtu katili. Alifanya hesabu, akaona kumfukuza ni rahisi, kwa sababu kweli kulikuwa rahisi.

Wanaofukuzwa kwa barua ni nusu ya habari. Wengine hawafukuzwi. Wanarudi kutoka likizo na kukuta meza ina mtu. Sheria imelisema hilo waziwazi: mwanamke ana haki ya kurudi kwenye kazi yake kwa masharti yale yale, na mwajiri kumzuia asirudi baada ya likizo ya uzazi kunahesabika ni kumwachisha kazi. Wenye akili hawamzuii. Humwambia, "Karibu, lakini nafasi yako tumeipanga upya, utasaidia stoo." Mshahara unabaki ule ule mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu posho inaondoka, zamu zinabadilishwa, na siku moja anaandika mwenyewe barua ya kuacha. Nimezipokea barua za namna hiyo nyingi kuliko nne. Huwa fupi, na zinaanza kwa "kutokana na majukumu ya kifamilia". Mkizisoma zote kwa pamoja mtashangaa familia za Dar es Salaam zina majukumu gani yanayoanza yote mtoto akiwa na miezi mitano.

Nikae na hili la kunyonyesha kidogo, maana ndilo linalowatoa wengi. Sheria inampa anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, akamnyonyeshe mtoto. Ni kifungu kizuri. Lakini anayekaa Gongo la Mboto na kufanya kazi Masaki, saa mbili hazimfikishi kwa mtoto na kumrudisha, hata foleni ikiwa ya huruma. Kwa hiyo wanakamua. Nimemkuta mfanyakazi mwenzangu kwenye stoo ya vifaa vya usafi, amekaa juu ya kreti la soda, ameegesha mgongo kwenye mlango ili usifunguliwe, khanga imemfunika mabega, na kwenye mapaja ana kikombe cha plastiki alichokichemsha nyumbani asubuhi. Ndoo za kudekia ziko mguuni kwake. Maziwa aliyaweka kwenye chupa, chupa akaitumbukiza kwenye hotipoti yenye barafu aliyonunua kwa muuza juisi. Alikuwa mhasibu, amesoma. Aliniomba nisimwambie mtu kwamba anatumia stoo ile, asije akakatazwa.

Wengine huletewa mtoto na dada wa kazi kwa bajaji, wakamnyonyesha kwenye kibanda cha mlinzi getini. Walinzi wetu, Mungu awabariki, hutoka nje wenyewe bila kuambiwa.

Chumba kimoja chenye kiti, komeo, bomba la maji na friji ndogo. Sitaki kuandika zaidi kuhusu chumba. Naomba tu kanuni ikitaje, kama inavyotaja choo.

Na kliniki. Chanjo za mtoto zinakwenda wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Likizo ya siku 84 ni wiki 12. Aliyefanya kazi mpaka uchungu umkute ofisini, ambao ndio wengi kwa sababu wanataka siku zote wakae na mtoto, bado chanjo ya wiki ya 14 inamkuta amerudi kazini wiki mbili. Inabidi aombe ruhusa. Ruhusa hiyo, ya asubuhi moja, ndiyo iliyoandikwa kwenye lile onyo lililosema "kutojali kazi" ambalo niliona faili lake kwenye kampuni ya pili. Mtoto alichomwa sindano, mama akachomwa onyo. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unaweka kiwango cha chini kuwa wiki 14. Wiki mbili zile zilizobaki zingetosha kumpeleka mtoto kliniki bila kuomba.

Sasa niwasemee waajiri, kwa sababu nimekaa nao na si wote wabaya. Mwenye karakana ya watu sita pale Buguruni, mmoja akienda likizo ya siku 84 kwa mshahara kamili, anaumia kweli. Hana mfanyakazi wa ziada na hana akiba. Anayemwambia "lipa tu, ni sheria" hajawahi kukaa naye mwisho wa mwezi akigawa noti kwenye bahasha. Mkataba huo huo wa 183 umeliona hilo. Unaelekeza malipo ya likizo ya uzazi yatoke kwenye hifadhi ya jamii au fedha za umma, mwajiri asiachiwe peke yake gharama ya wafanyakazi wake. Nasi NSSF yetu ina fao la uzazi kwa mwanachama aliyetimiza michango, lakini wanawake wengi niliowahudumia walilisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwangu, na wengine michango yao ilikuwa na mapengo kwa sababu mwajiri alikata kwenye mshahara asipeleke. Mheshimiwa, kama kuna siku mtakaa na vyama vya wafanyakazi na Chama cha Waajiri, naomba hili liwe mezani: namna gani mwenye karakana atapata nafuu kupitia mfuko, ili mwanamke aliyeajiriwa naye asigeuke hasara siku anapobeba mimba. Mwanamke akiacha kuwa hasara, hata lile swali la kwenye usaili litapungua. Mnalijua. "Umeolewa? Mna mpango wa mtoto hivi karibuni?" Niliwahi kuliuliza mimi, kwa maagizo, kwa wasichana waliokuja na vyeti vyao kwenye bahasha za kaki. Hakuna mwanamume niliyemuuliza. Sheria inakataza ubaguzi wa ujauzito na wa hali ya ndoa, na inakataza tangu hatua ya kutafuta kazi, kabla mtu hajaajiriwa.

Mikataba mifupi ya kuhuisha nayo imekuwa mlango wa nyuma. Miezi mitatu, miezi mitatu, miezi mitatu, hata miaka miwili, mpaka tumbo lionekane, ndipo mkataba "unaisha". Sheria inasema kutomhuishia mkataba mtu aliyekuwa na sababu ya kutegemea kuhuishiwa ni kumwachisha. Wanawake hawajui, na anayetakiwa kuwaambia ndiye anayenufaika wasipojua. Ungebandikwa ukurasa mmoja wa Kiswahili kwenye ubao wa matangazo wa kila kiwanda cha Barabara ya Nyerere, wenye haki hizi na namba ya kupiga, tungeona tofauti kabla ya mwaka kuisha.

Kwa kawaida kina baba wana siku tatu. Naliacha hapo kwa leo.

Kwa Mkurugenzi wa Tume nina ombi dogo. Mwanamke anayenyonyesha akifungua mgogoro, karani amuulize anaishi wapi na mtoto ana umri gani, shauri lake lipangwe saa ya kwanza asubuhi, na pawe na kona yenye pazia. Kusubiri zamu mpaka saa saba mchana na kichanga kwenye benchi kunamfanya mtu akubali kiasi chochote anachopewa kwenye usuluhishi ili aondoke. Nimekuwa upande uliosubiri aondoke, kwa hiyo najua mwajiri hufurahi mtoto akilia.

Dada wa kaunta nilimwona mwaka jana, Tandika sokoni. Anauza vitenge na madera, mtoto ameshaanza chekechea. Hakuninunia. Alinipunguzia bei. Nilimwambia nataka kuandika barua hii, nikamuuliza kama nieleze habari yake. Akasema nieleze, ila jina nisitaje, na akaniomba niulize jambo moja kwa niaba yake: kama Kanuni zikibadilishwa, je, zitamhusu aliyechelewa zamani kwa sababu hiyo hiyo, au ni kwa wanaokuja tu?

Nawafikishia swali lake kama alivyolisema. Daftari langu lina tarehe nane, za vyeti vinne na barua nne za kwanza, bila majina. Nakala ya barua hii nimeipeleka masijala ya Wizara na ya Tume pamoja na namba yangu ya simu. Mkiniita nitakuja nalo, na nitasema mbele yenu kila barua niliandika lini na nani aliniambia niandike nini.

Wenu katika kazi,
Aliyekuwa afisa utumishi,
Tabata, Dar es Salaam